Kisigino na Mstari wa Chaki

Jumatano, 9 Februari 1994. Mjimwema

Kuinua mguu mara ishirini. Kukaza paja mara ishirini. Kukunja goti hadi machozi. Kisha uji.

Asubuhi ya kumi na moja tangu nitoke hospitali. Mke wangu, Mama Tumaini, anasema nimeinua mara kumi na nane. Kwa hesabu yangu ni ishirini na mbili. Tumepatana kwenye ishirini.

Maumivu ya zamani, yale ya mfupa kusaga mfupa, hayapo. Miaka minane tuliishi pamoja na yameondoka bila kuaga. Haya mapya yana adabu, huja ukiyaita. Siwezi kulalamika, ingawa nimejaribu.

Shida ni kukunja. Wale madaktari wageni wa hospitali ya misheni waliniwekea goti la chuma na plastiki, wakafungasha vyombo vyao, wakaenda zao. Aliyebaki ni nesi wa mazoezi, mwanamke mdogo mwenye sauti ya sajenti. Amesema tarehe 24 Machi nirudi, na goti liwe limekunjika digrii tisini, kama kona ya meza. Lisipofika nitalazwa tena, nipewe dawa ya usingizi, walikunje kwa nguvu. Na hata hapo hawaahidi.

Mimi ni fundi wa cherehani ya kukanyaga. Mguu usioingia chini ya meza hauna kazi barazani kwangu Makambako.

Ijumaa, 11 Februari

Nimepata namna ya kupima. Kiti kimeegemea ukuta. Nimekaa, Mama Tumaini ameshika uzi kwenye goti langu, bobini inaning'inia chini. Ilipogusa sakafu amechora mstari kwa chaki yangu ya kukatia. Kisigino kikirudi nyuma mpaka kwenye mstari huo, ndiyo digrii tisini. Hakuna haja ya mashine za hospitali.

Leo kimekosa kwa inchi nne na robo. Tumeandika tarehe sakafuni. Hakuna ruhusa ya kudeki sehemu hiyo. Mama Tumaini amefurahi kupita kiasi.

Jumatatu, 14 Februari

Mvua tangu alfajiri. Nimekaa karibu na moto nikakagua kovu. Nafasi kati ya nyuzi imelingana. Mkono mzuri. Ila juu kabisa daktari alivuta uzi, pamejikunja kidogo. Mteja wa kawaida asingegundua. Mimi ningefumua.

Inchi nne kasoro.

Alhamisi, 17 Februari

Siri imefichuka. Mguu ule ulipokuwa umepinda ulikuwa mfupi, nami kwa miaka minane nimekuwa nikikata mguu wa kulia wa suruali zangu inchi moja na nusu pungufu. Sikumwambia mtu. Nilijiona fundi kweli. Sasa mguu umenyooka. Leo nimevaa suruali ya kanisani, kifundo cha kulia kikabaki nje kinapunga upepo.

Nimejaribu nyingine. Hali ileile. Zote tano.

Mama Tumaini amecheka mpaka akakaa juu ya gunia la viazi. "Kumbe fundi ulikuwa unajipunja kitambaa mwenyewe!"

Jumapili, 20 Februari

Inchi mbili na nusu. Naenda vizuri.

Seremala jirani ametengeneza kiti chenye tundu cha kuweka juu ya shimo la choo, maana kuchuchumaa ni marufuku. Majirani wawili wameomba kukijaribu. Mmoja amekawia huko mpaka tukamgongea.

Nimegundua kwamba mke wangu ana maisha yake. Miaka yote nimekuwa mume wa Jumamosi: Jumatatu naondoka kwenda Makambako, Jumamosi jioni narudi na sabuni na sukari. Sikujua kwamba Jumanne anaimba. Sikujua kwamba Alhamisi hapiki mchana, anakula ndizi. Nimemwuliza chakula kiko wapi. Amenitazama kama mteja aliyekuja siku ya kufunga.

Jumatano, 23 Februari

Salumu amekuja kunijulia hali. Tunashona baraza moja Makambako, mwaka wa kumi na tatu huu. Yeye Mngoni, mimi Mbena, watani wa jadi, kwa hiyo adabu hakuna. Amefunga Ramadhani, chai hakugusa, lakini mdomo haukufunga.

"Nasikia wamekutia chuma, Mbena. Basi mvua hizi usikae nje, utashika kutu. Mama Tumaini, shemeji, uwe unampaka mafuta."

"Napaka, shemeji. Anakula zaidi ya cherehani."

Baadaye, tulipobaki wawili, amesema lililomleta. Nafasi yangu barazani amekaa muuza mitumba. Kwa muda tu, kasema mwenye nyumba. Anatundika makoti juu ya cherehani yangu. Salumu amemwambia kwamba mwenye cherehani anarudi Pasaka.

Mimi mwenyewe sikuulizwa.

Imeniuma. Sina ugomvi na mitumba. Watu wanavaa, wanapendeza, wananunua kwa bei ya kitambaa kitupu. Lakini mashine yangu kugeuzwa mti wa makoti!

Ijumaa, 25 Februari

Inchi moja na robo. Nimekunja asubuhi, mchana na jioni. Goti limekuwa kama boga. Mama Tumaini ameniita mbishi. Nimekubali, kisha nikakunja tena.

Jumapili, 27 Februari

KIMEFIKA. Kisigino juu ya mstari, barabara, bila mtu kunisukuma. Majuma matatu na nusu kabla ya siku!

Nimetangaza mlangoni mwa kanisa kabla sijaulizwa. Mzee wa kanisa amenitaja kwenye maombi ya shukrani, mbele ya watu wote, na goti likatajwa kwa jina. Mchana kuku. Jirani ameleta ulanzi, pombe ya mianzi, mtamu, wa leo leo. Nimekunywa vikombe viwili na kutoa mawaidha juu ya uvumilivu.

Jumatatu, 28 Februari

Aibu.

Asubuhi Mama Tumaini amesema nimwonyeshe tena. Nimekaa, nikarudisha kisigino mpaka kwenye mstari. Hakutazama kisigino. Alitazama kiuno.

"Baba Tumaini, mbona upande mmoja wa mgongo haugusi kiti?"

Ameshika uzi akauning'iniza upya. Bobini imetua inchi mbili nyuma ya mstari. Kumbe siku zote hizi nimekuwa nikisokota kiuno na kurudisha nyonga ya kulia nyuma, kidogo kidogo, na goti linaifuata. Si goti lililokunjika. Ni mimi niliyerudi nyuma. Hata zile inchi za siku za nyuma sijui zipi ni za kweli.

Miaka thelathini napima viuno vya watu wanaobana tumbo. Huwaambia, "Pumua, mzee wangu, suruali haidanganyiki." Nami nimebana tumbo majuma mawili, katika nyumba yangu mwenyewe, mbele ya futi yangu mwenyewe.

Sikukusudia. Labda nusu nilikusudia.

Na kanisani wameshashukuru.

Jumanne, 1 Machi

Sikupima. Nimenuna. Nimekula viazi.

Alhamisi, 3 Machi

Nimeketi mgongo ukigusa kiti kama mwanafunzi. Inchi mbili. Nikisukuma, goti linagoma palepale, kama mlango uliofungwa kwa ndani.

Naogopa. Niandike hivyo maana hakuna asomaye. Nina miaka hamsini na saba na ninachojua duniani ni kushona. Sijui kulima, shamba ni la Mama Tumaini na hata magugu yananicheka. Dawa ya usingizi naiogopa pia. Mara ya kwanza nilihesabu mpaka nne, na tano sikuiona.

Sijamwambia. Nadhani anajua. Leo ni Alhamisi na amepika mchana.

Jumamosi, 5 Machi

Lori la mbao limesimama nje saa nne. Juu yake cherehani yangu, imefungwa kamba, na Salumu ameikumbatia kama bibi harusi.

Nimedhani wamenifukuza barazani.

Kumbe Mama Tumaini alimwandikia barua Jumatatu ileile. Barua nzima! Sikumwona akishika kalamu. Alimwuliza tu kama kuna njia ya mguu kukumbuka kazi yake. Salumu amewaza siku mbili, kisha akapanda lori.

Wameiweka sebuleni. Salumu amevua mkanda wa cherehani, akaweka kiti mbali.

"Kanyaga hewa," amesema. "Hakuna mkanda, hakuna sindano, hakuna mteja. Kanyaga tu. Kila siku sogeza kiti kidole kimoja. Goti lako halimjui nesi. Hii linaijua."

"Goti hili ni jipya, Mngoni. Halijui lolote."

"Basi lifundishe. Lina bahati, limepata mwalimu mzee."

Amerudi na lori hilohilo, mdomo mkavu kwa saumu. Sikumshukuru vizuri. Nilikuwa natazama pembeni, jicho lina kitu.

Jumanne, 8 Machi

Gurudumu limezunguka. Kinyumenyume. Miaka thelathini ya ufundi, na nimekanyaga kama mwanafunzi wa siku ya kwanza. Mama Tumaini, ambaye hajawahi kushona hata kifungo kimoja, ametoka jikoni kuja kunielekeza.

Mchana limezunguka mbele. Mara tisa. Kisha limekataa.

Jumatatu, 14 Machi

Idd leo. Nimemwaza Salumu. Majuma haya ya mwisho ameshona hadi vidole kufa ganzi, na peke yake.

Mama Tumaini amepata dawa ya udanganyifu. Ananifunga kiuno na mgongo wa kiti kwa khanga, fundo nyuma, nisijisokote. Nimefungwa kama mtoto mgongoni. Jirani amechungulia dirishani, akaomba radhi, akaondoka haraka.

Inchi moja. Ya kweli. Imeshuhudiwa.

Ijumaa, 18 Machi

Robo tatu. Kiti kimesogea vidole kumi na viwili tangu Salumu aondoke. Nakanyaga huku Mama Tumaini anachambua maharage upande wa pili wa meza. Hatuongei sana. Sauti ya gurudumu na ya maharage kwenye ungo. Nimefurahi leo mchana kutwa na sina sababu yoyote ya kuandika.

Jumatano, 23 Machi

Kesho.

Nimepimwa mara tatu, khanga imekazwa, uzi umening'inizwa upya kila mara. Upana wa kidole bado. Mara ya tatu labda nusu kidole.

Mama Tumaini amepanga mfuko: blanketi, kikombe, nguo za kulalia. Kama wakinibakiza. Ameuweka nyuma ya mlango ili nisiuone. Nimeuona. Nimejifanya sijauona.

Alhamisi, 24 Machi

Tumefika saa tatu, kwenye pikapu ya jirani, mguu juu ya mfuko.

Nesi ana kipimo chake cha plastiki, mikono miwili kama mkasi usiokata. Amekilaza kwenye goti. Amesoma. Amesoma tena.

"Themanini na saba."

Nimemwangalia Mama Tumaini, naye akaangalia mfuko.

Nesi ameuliza nyumbani nafanya nini. Nimemweleza yote: chaki, bobini, khanga, mpaka kanisani. Lile la kanisani amecheka akageukia ukuta. Kisha akasema, "Mzee, umekuja umekaa kwenye pikapu asubuhi nzima, goti limeganda. Kaa hapa ukanyage kama unavyokanyaga kwako."

"Wapi? Hakuna cherehani."

"Hewa."

Basi nimekanyaga hewa katika hospitali ya watu, robo saa nzima, wagonjwa wakinitazama kwa huruma, wakidhani ni ugonjwa mwingine. Mama Tumaini amesimama nyuma, mikono miwili mabegani mwangu, ananishikilia kwenye kiti.

Kipimo tena.

"Tisini na mbili. Nenda nyumbani, fundi."

Mama Tumaini amesema "Haya" tu, kwa sauti ya kawaida, kama mtu aliyeambiwa maji yamechemka. Kisha akatafuta benchi, akaketi, akafunika uso kwa ncha ya kitenge. Nimekaa karibu naye. Nesi ametuletea maji bila kuulizwa, akaita mgonjwa mwingine.

Jumatano, 13 Aprili. Makambako

Jua na upepo mkali. Vumbi la barabara ya Mbeya limeingia mpaka kwenye droo ya vifungo.

Cherehani imerudi Jumatatu kwa lori, mimi nimekuja jana. Muuza mitumba amesogeza makoti yake hatua tatu bila maneno. Kijana mzuri. Ana wateja wengi kuliko sisi.

Asubuhi mama mwenye mgahawa wa ng'ambo ya barabara ameleta mapazia. Salumu amenyoosha mkono kuyapokea, kisha akaurudisha, akajishughulisha na pasi. Nimeyachukua. Nimefunga mkanda. Nimevuta kiti mpaka mahali pake, mguu ukaingia chini ya meza.

Mita nne za upindo. Nimekanyaga toka mwanzo hadi mwisho bila kusimama. Hakuna aliyetazama. Nimekata uzi, nikaagiza chai.