Njano ya Mwakani

Mwanangu mpendwa,

Nakusalimu kwanza, maana hata mwenye kesi huruhusiwa kusalimu. Natumaini u mzima, kifua hakikusumbui, na hiyo ofisi yako ya kugonga mihuri haijakupinda mgongo. Sisi hatujambo. Mama yako ana afya mpaka sauti yake inafika kwa jirani wa tatu. Mimi ni mzima isipokuwa magoti, ambayo siku hizi hujiamulia mambo bila kunishirikisha. Paka wako amezaa ndani ya kapu la uzi mweupe, na mama yako kasema afadhali kuna mmoja anayezalisha humu kazini.

Najua umeshangaa kuona mwandiko wangu. Elimu yangu unaijua: mimi na shule tuliachana kabla hatujaelewana. Lakini simu sikuitaka. Kwenye simu ningeanza utani, na nikianza utani jambo lenyewe nalikwepa.

Unaikumbuka ile karatasi ya rangi za mwakani uliyopewa na mama wa duka la nyuzi, ukaibandika ukutani juu ya masufuria? Niliicheka wiki nzima. Nilikuuliza huo mwaka umeonekana wapi hata ukapigwa picha. Nikasema watu wa hali ya hewa mvua ya kesho tu inawashinda, sembuse hawa wa kutabiri masweta. Ukanijibu kwa upole kwamba karatasi si amri, inampa fundi wazo tu, kama mtu anayesikia mluzi barabarani akaenda kutunga wimbo wake. Jibu hilo lilinikera kwa sababu lilikuwa zuri.

Ukachagua njano. Wiki tatu ulipima maganda ya vitunguu kwenye mizani ya jikoni, ukapima na shabu ya kushikisha rangi, ukaandika kila kitu daftarini. Mimi, niliyetia nyuzi rangi miaka arobaini kwa kukadiria na kunusa, nikakubandika jina la daktari wa vitunguu. Lakini uzi wa majaribio ulipokauka kambani, nilikwenda kuushika kwa vidole viwili. Haikuwa njano ya karatasi ile. Ilikuwa njano ya dirisha la jikoni asubuhi, kabla watu hawajaanza kugombana.

Mama wa duka akaagiza mashada ishirini ya uzi huo. Siku aliyokuja kuagiza ulikuwa umetoka kununua kuni. Alinikuta mlangoni, mikono yangu bluu mpaka viwikoni, akanisalimu vizuri kabisa, kisha akaniuliza kama fundi yupo. Nikamwambia fundi atarudi sasa hivi. Hilo sikukusimulia.

Yaliyofuata unayajua. Ulitoa mashada yote ishirini kwenye sufuria yakiwa na rangi ya kijani iliyochoka, kama jani lililosahaulika ndani ya kitabu. Mama wa duka akayakataa. Ukasema mkono wako hauna bahati na kazi hii. Mama yako akakubembeleza, mimi nikasema mambo haya hutokea. Ukanipa daftari niwashie jiko, ukaenda kutafuta kazi ya mihuri.

Sasa sikiliza. Wiki iliyopita mama wa duka alikuja na karatasi mpya. Kiboksi cha juu kabisa ni ile kijani yako, mwanangu, sawasawa kama mapacha. Akaulizia yale mashada aliyoyakataa, akayachukua yote, akataka mengine. Akanisifu kwamba mzee nina jicho la kuona mwaka ujao. Nami nikapapasa ndevu, nikatabasamu. Nilipomaliza kutabasamu nilijiona mchafu kuliko maji ya sufuria ya mwisho.

Maana misumari niliitia mimi. Ulipokwenda kusuuza mabeseni, nilifunga konzi ya misumari yenye kutu ndani ya kitambaa, nikaizamisha chini ya uzi wako, na kabla hujaugeuza uzi nikaitoa. Hakuna fundi wa rangi asiyejua kwamba chuma huzima mwanga wa njano. Nilitaka uzi uharibike kidogo tu, wewe uje uniulize, baba, nimekosea wapi? Nikae kwenye kigoda, nikohoe kidogo, nikufundishe. Basi, ni hilo tu. Wewe hukuuliza. Ulijilaumu, ukafunga sanduku, nami nikakubebea mpaka kituoni.

Wiki hii nimejaribu kuitoa rangi ile kwa ajili ya oda mpya. Nimetia misumari kwenye njano yangu mara tano, nikapata tope mara tano. Nikalitoa daftari lako, ambalo sikulichoma. Nikapima kama ulivyopima, nikiona aibu hata mbele ya mizani. Mara ya sita ikatoka. Kijani ile inapendeza kwa sababu chini yake kuna njano yako inayopumua. Misumari yangu haikutengeneza chochote.

Jana nilimwita mama wa duka, nikamweleza yote, mama yako akisikia. Mama wa duka alinitazama kama mtu aliyekuta nywele kwenye chai. Mama yako hajanisemesha tangu hapo. Ananiwekea chakula, anaondoka, na sauti yake niliyoisifu hapo juu sasa inawafikia majirani tu.

Sikuombi urudi. Sina uso huo. Nakuomba tu ujue kwamba siku ile mkono wako haukukosea hata kidogo, na daftari nimeliweka ndani ya bahasha hii kwa kuwa ni mali ya fundi.

Mama yako anakusalimu, na ameagiza, kupitia jirani, niandike kwamba salamu zake ni za peke yake, zisichanganywe na zangu. Zangu zipokee ukipenda. Barua hii nimeiandika mara nne. Katika zile tatu za kwanza, misumari iliangukia sufuriani yenyewe.

Ni mimi baba yako,
Mzee Madoa