Bahasha Yenye Mwandiko Wako

Baraka, Jumapili baada ya ibada

Kaka Asukulu,

"Kidonge si pombe. Kimetengenezwa na watu wenye masomo, hakiwezi kuharibu mtoto mwenye akili." Ndivyo ulivyoniandikia mwaka jana, nilipokulaumu kwa kuuza tramadoli, hizo dawa kali za maumivu, mojamoja kama karanga dukani kwako hapo Kilembwe. Ulikosea, kaka, na leo ninao ushahidi. Lakini nisisahau adabu: mgongo wako unaendeleaje? Na goti la wifi? Mihogo imevumilia mvua? Sisi huku tu wazima, ndagala za ziwani zinapatikana, na binti yako Riziki, uliyenikabidhi asome huku, amenenepa kidogo. Kaa basi, nikusimulie.

Nianze na kosa langu, usije ukasema nahukumu wengine tu. Wanafunzi wangu walikuwa wakisinzia saa tatu asubuhi, wakijikuna, wakicheka pasipo kichekesho. Nilijua ni vidonge. Nikasimama mbele ya darasa nikahubiri saa nzima: jina la dawa ubaoni kwa herufi kubwa, inavyoondoa maumivu, inavyoondoa woga, kisha inavyouharibu mwili. Nilirudi nyumbani nikijisifu. Wiki iliyofuata waliosinzia wakaongezeka. Msichana mmoja mcheshi akaniambia waziwazi:

"Madamu, ulitufundisha muzuri sana. Zamani tulikuwa hatuyue jina yake. Sasa tunafika ku farmasi, tunaitaja."

Darasa likaangua kicheko. Mimi niliyesoma vitabu vyote hivi nilikuwa nimewatangazia wauzaji bidhaa yao bure!

Siku chache baadaye, nikifua nguo, nilikuta bahasha katika mfuko wa sketi ya Riziki. Vidonge sita. Juu ya bahasha, mwandiko wako: "Meza tumbo likikuuma. Baba." Kumbe ulikuwa ukimtumia kwa dereva wa pikipiki, kwa ajili ya maumivu yake ya kila mwezi! Nilipomuuliza, hakusita hata kidogo.

"Shangazi, ni baba alinitumia. Na ye ni munganga ya bantu bote kule. Utamubishia?"

Nikamketisha anisimulie yote. Alikuwa ameanza kwa tumbo, akaendelea kwa woga wa mitihani, mwishowe akawa haamki bila kidonge. Na rafiki zake watatu aliwagawia kwa upendo, kama ulivyompa wewe kwa upendo.

Muuguzi wa kituo cha afya alimsaidia kuacha polepole. Alitetemeka, alitoka jasho, alinitukana hata kwa Kibembe. Prefe, mkuu wa shule yetu, alipopata habari akawaita wazazi.

"Tubafukuze bote bane," alisema. "Bengine baogope."

Nikamrukia: ukimfukuza mgonjwa, wanaobaki watajifunza kuficha! Tulikuwa bado tunabishana Riziki aliposimama na kuinua ile bahasha. Alikuwa ameichana kona palipoandikwa "Baba", asikuaibishe.

"Hii haikutoka ku bajambazi," akasema. "Ilitoka nyumbani. Bamama, nani hana kopo ya dawa zenye zilibakia?"

Mama mmoja anayeuza mandazi langoni akapiga makofi. "Mi iko nazo mbili! Na moja ata sijue ni ya nini!"

Watu wakacheka, na hapo tulishinda. Siku ya salongo, ile kazi ya pamoja ya usafi, badala ya majembe wazazi walikuja na makopo, chupa na mafundo ya kitenge, wakamkabidhi muuguzi. Tangu hapo hakuna dawa inayoingia darasani bila kupita mikononi mwake. Msichana mwenye maumivu anapumzika na kuonwa naye. Nami sihubiri tena majina. Nawauliza kwanza wanaogopa nini. Hakuna aliyefukuzwa. Saa tatu asubuhi darasa langu linabishana mpaka mimi ndiye ninayeomba nafasi ya kusema!

Na Riziki? Ameingia mtihani wa mwisho wa mwaka bila kidonge hata kimoja. Aliogopa, akaandika, akafaulu.

Nisalimie mama mdogo Nyota, mkunga wetu, na mjomba Alimasi mchungaji. Mwambie mjomba kwamba maombi yake yalifika, ila yalihitaji muuguzi.

Barua hii anaileta dereva yuleyule aliyekuwa akibeba vidonge. Ndani yake nakurudishia bahasha yako. Usishangae kona moja kukosekana: ile yenye neno "Baba" Riziki ameihifadhi katika Biblia yake. Anakuja likizo wiki ijayo. Kaka, lile kopo jeupe la tramadoli lililo juu ya meza ya duka lako, lipeleke kituo cha afya kabla hajashuka kwenye pikipiki. Nawe wifi, akisitasita, usimngojee. Libebe wewe.

Mdogo wenu,
Neema