Miguu ya Mzee Koti

Jumapili, 9 Februari

Dada yangu,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta mzima na mgongo umekupa nafasi. Sisi tupo. Wifi yako anakusalimu, na mama anauliza kama unakula. Nimemjibu kwamba unakula vizuri sana, kwa hiyo kama huli anza leo, nisije nikaonekana mwongo.

Usikasirike kwamba sipigi simu. Tangu kiharusi ulimi umebaki mzito, na nikijisikia ninavyoburuta maneno naona haya, hata kwako wewe. Kuandika naweza, kwa kidole kimoja cha kushoto, polepole, bila mtu kunitazama mdomo.

Mkono wa kulia ndio ule ule. Daktari wa mazoezi anasema vidole vipewe kazi kila siku, akanipa mpira wa kuminya. Nimeuminya hadi nimeuchukia. Kule kazini Mrefu, mwenye saluni, bado hajampa mtu mwingine kiti changu, lakini amesema wazi kwamba mwaka ukiisha mkono haujashika mashine, itabidi atafute kinyozi mwingine. Simlaumu. Wateja hawanyolewi na huruma.

Sasa kilichonifanya niandike. Wifi yako amerudi na kompyuta kuukuu waliyotaka kuitupa ofisini kwao, na mimi kwa kukosa la kufanya nikaitafuta ile gemu yetu, ile tuliyokuwa tunacheza kwenye duka la mjomba la kuchapa barua kwa kompyuta, akienda kula. Nimeipata, dada. Mzee Koti yupo vilevile, amevaa lile koti refu ndani ya pango lenye joto, anatafuta lango lake. Nikasema badala ya mpira, vidole vifanye kazi hii.

Shida ni kwamba simjui. Wewe ulikaa kulia kwenye vitufe vya mishale ukawa miguu yake, mimi nikakaa kushoto ukanipa kuokota, kufungua na kuruka. Leo nimekaa peke yangu mbele yake, na kumbe miaka yote ile nilikuwa najua nusu ya mtu. Nikibonyeza kulia haendi kulia, anajizungusha tu pale alipo. Nikibonyeza mbele anakwenda kule anakotazama yeye, siyo ninakotaka mimi. Ameshagonga ukuta mpaka nikamwomba radhi.

Niambie ulikuwa unafanyaje.

Mdogo wako,
Kinyozi


Jumatatu, 2 Machi

Mdogo wangu Kinyozi,

Marahaba. Mimi ni mzima, nimechoka tu, na kuchoka siyo ugonjwa. Mwambie mama nakula. Wifi msalimie sana, mwambie Mungu amlipe kwa hiyo kompyuta.

Nisamehe kuchelewa. Asubuhi niko kwenye mashuka ya hoteli, yanatoka kwenye mashine ya kupigia pasi yakiwa ya moto, tunayakunja wawili wawili, na yule ninayekunja naye ana haraka kama anafukuzwa. Jioni niko jikoni kwingine naosha masufuria. Nikifika chumbani navua kiatu kimoja, naketi kidogo kabla ya kuvua cha pili, na mara nyingi hapo ndipo siku inapoishia.

Barua yako nimeisoma kwenye basi, nikacheka peke yangu watu wakanitazama. Halafu nikataka kukujibu nikashindwa. Nilikuwa nafanyaje? Sijui. Nimejaribu kuweka vidole kwenye meza ya chakula nikafumba macho, nikimwazia yule mzee. Vidole vilianza kucheza vyenyewe, lakini kila nikivitazama vinasimama. Nipe muda.

Ninachotaka uniahidi ni kimoja. Utumie mkono wa kulia, huo huo. Usilegeze. Ile zamu ya jioni ndiyo inayomlipa daktari wako wa mazoezi, unalijua hilo, na sisemi ili nikusimange. Nasema ili ujue kwamba huku pia kuna mtu anaufanyia kazi huo mkono. Nataka urudi nyuma ya kiti chako ukiwa umeshika mashine kama zamani, ndipo nami nitapumua.

Dada yako


Ijumaa, 20 Machi

Dada,

Shikamoo. Tunamshukuru Mungu, wote wazima, mama ana kikohozi kidogo tu cha kutaka kubembelezwa.

Nakupa habari za mgonjwa wetu mwingine. Nimefika naye kwenye ule ubao juu ya shimo. Unaukumbuka? Pale tuliposhindwa kila siku hadi mjomba anarudi anajifuta mdomo na kutufukuza. Bado upo na bado tunashindwa. Picha inageuka ghafla, aliyekuwa anatazama mbele sasa anatazama kwako, na kidole changu kinachelewa kupata habari. Natuma amri kutoka kichwani, inapita begani, inapumzika kwenye kiwiko, ikifika kwenye kidole mzee ameshaanguka. Anapiga ukelele ule ule.

Wifi yako ameniambia nimwachie acheze yeye hapo kwenye ubao halafu niendelee. Nikamkatalia kwa hasira, nikamkosea, nikaomba msamaha. Yeye hajui kwamba sichezi. Nikimvusha pale kwa mkono huu, nitakwenda kwa Mrefu siku hiyo hiyo.

Nimechoka, dada. Siyo kuchoka kwako kwa kazi, naogopa hata kulitumia neno hilo mbele yako. Nimechoka kuusubiri mwili wangu mwenyewe.

Wako,
Kinyozi


Jumapili, 17 Mei

Mdogo wangu,

Hujambo? Mama kikohozi kimeisha? Mimi ni yule yule. Nimekaa kimya muda mrefu, lakini sikukaa bure.

Huku kuna dada mmoja tunayekunja naye mashuka, mtoto wake ana kompyuta. Nikaomba nikae nayo Jumapili moja baada ya nyingine, wakanionea huruma. Nikamweka Mzee Koti. Miguu ilirudi palepale, ungeniona, nilimzungusha kama dereva anayeingiza lori uani. Lakini kuokota nimeshindwa kabisa. Nilisimama juu ya tochi nikabonyeza kila herufi, akainama, akakohoa, akafungua mlango ambao haupo. Kwa hiyo usidhani ni wewe peke yako uliyebaki nusu.

Nimejitazama vidole vizuri, sasa naweza kukuambia. Usimtazame yeye, tazama kivuli chake, kivuli hakigeuki picha inapogeuka. Kidole cha kati kikae mbele daima, kisinyanyuke. Kulia na kushoto uguse tu, kama unaangalia pasi imepata moto. Kwenye ubao usikimbie. Mwache atembee hadi unaposikia ubao unalia, ndipo uruke. Mimi nilikuwa nasema "sasa" na wewe unabonyeza. Nafikiri nilikuwa naisema kwa kuchelewa, ndiyo maana tulikuwa tunaanguka. Sikulijua hilo mpaka Jumapili iliyopita.

Endelea hivyo hivyo. Mwaka bado haujaisha. Kila nikiinua sufuria kubwa nasema hiki ni kidole gumba, hiki ni cha shahada.

Dada yako anayekuombea


Jumatano, 3 Juni

Dada yangu,

Shikamoo, shikamoo tena. Hatujambo, na leo hatujambo kweli.

Amevuka. Mzee Koti amevuka ubao, yuko ng'ambo, nimemwacha amesimama anapumua na koti lake.

Nikusimulie. Nilifuata maelezo yako yote, kivuli, kidole cha kati, ubao unalia. Nikaanguka wiki nzima na zaidi. Leo mchana mkono ukachoka ukaanguka wenyewe juu ya kibodi kama mkono wa mtoto aliyesinzia, na skrini ikabadilika. Ukatokea ule ukurasa wenye picha ya gurudumu. Nilishtuka, dada, nikageuka mlangoni kumtazama mjomba, na mjomba tumeshamzika. Unakumbuka alivyosema, atakayefungua gurudumu ataiua kompyuta na yeye atatuua sisi? Tumemtii mpaka uzeeni.

Nikausoma. Ni ukurasa wa kupanga vitufe. Mbele iwe wapi, nyuma iwe wapi, kuruka iwe wapi, unachagua mwenyewe. Ulikuwepo siku zote. Nikahamisha miguu yote nikaileta mkono wa kushoto, na amri ya kuruka nikaiweka kwenye kile kitufe kirefu cha chini, kwa dole gumba la kushoto. Mara ya kwanza alianguka. Mara ya pili alivuka.

Wifi yako alinikuta nalia akadhani kiharusi kimerudi.

Mdogo wako


Ijumaa, 5 Juni

Kinyozi,

Salamu baadaye.

Nimeisoma barua yako mara mbili nikidhani kuna mahali nimeruka. Umevuka kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kushoto haukuwa mgonjwa. Sasa umefanya nini hapo? Umedanganya, tena unashangilia mbele yangu.

Mimi sikukaa na ule mchezo kwa sababu ya mchezo. Nimesimama mbele ya sinki la watu hadi miguu imevimba kwa ajili ya mkono wa kulia. Kama unaweza kuuweka pembeni siku moja ukafurahi, basi ungeniambia mapema nami nikaupumzisha mgongo wangu.

Rudisha vitufe vilivyokuwa.

Dada yako


Ijumaa, 28 Agosti

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba uipokee. Natumai u mzima na miguu imepungua uvimbe. Mama ni mzima, anauliza mbona tumenuniana, nami nimemwambia hatujanuniana, tumechoka.

Nimeandika barua hii mara nyingi nikaifuta. Leo naituma ilivyo.

Mwezi wa nne daktari wa mazoezi aliniambia kwamba kilichorudi ndicho kilichorudi. Nitaweza kushika kikombe, kufunga kifungo nikipewa muda. Mashine ya kunyolea, hapana. Sikukuambia. Ningekuambiaje, na wewe unahesabu vidole vyangu kwenye masufuria ya watu? Nikasema labda daktari hajui, labda yule mzee atavuka. Ulipoandika kwamba nimedanganya, ulikuwa sahihi, ila siyo kwenye gemu.

Nilirudisha vitufe kama ulivyoamuru. Nilikaa navyo mwezi wa sita wote. Dada, mkono ule hauna mtu ndani. Nikavihamisha tena kushoto, na kesho yake nikaenda kwa Mrefu.

Nikamwambia nitanyoa kwa kushoto. Akauliza nimejaribu kwa nani. Nikasema sijampata wa kumharibu. Alinitazama, akatazama wateja waliokuwa wanasubiri, akaenda akaketi mwenyewe kwenye kiti changu na kujifunga kitambaa shingoni. Akasema, "Ukinikata sikio, kiti nauza."

Sikumkata. Ilichukua muda hadi wateja wengine wakaondoka. Kila kitu kilikuwa kinyume, kioo kinaniambia kulia na mkono uko kushoto, upande mmoja nikauacha juu kuliko mwingine, nikausogeza huu, nikausogeza ule, nikaacha kabla nywele hazijaisha. Jasho lilinitoka kama nachimba kisima. Mrefu akajitazama kwenye kioo, akajigusa utosini. Akasema, "Wiki hii nitavaa kofia. Wiki ijayo njoo tena."

Nimekwenda kila wiki tangu siku hiyo. Jumamosi iliyopita hakuvaa kofia. Asubuhi ya leo alinipa mteja, mzee mmoja mwenye upara asiye na mengi ya kupoteza, lakini ni mteja, na alilipa.

Kwa hiyo nakuomba, na hili ndilo nililotaka kuandika tangu mwezi wa sita. Usitume tena hela ya mazoezi. Nimeshamwambia daktari. Achana na ile kazi ya jikoni. Mkono uliokuwa unaufanyia kazi haupo, mimi nipo. Kama utakasirika, kasirika, lakini kasirika ukiwa umelala kidogo.

Mdogo wako,
Kinyozi, na bado ni kinyozi


Alhamisi, 10 Septemba

Mdogo wangu,

Marahaba. Marahaba na ile ya mwezi wa sita ambayo sikuijibu. Salimia wote. Mama mwambie hatujanuniana.

Barua yako niliifungua kazini, kwenye chumba cha mashuka machafu, ambako hakuna anayeingia bila sababu. Nililia pale. Sikulia kwa furaha, nisikudanganye. Ule mkono niliupenda. Nilikuwa nauona ukishika kitana, kidole kidogo umekiinua juu kama bibi harusi anakunywa chai, nikawa najiambia siku utakapoinuka tena hivyo, yote haya yatakuwa yamelipa. Sasa haitatokea, na inabidi niiache. Unipe muda wa kuuomboleza, maana wewe umeshamaliza na mimi ndiyo naanza.

Umenificha tangu mwezi wa nne. Hilo tutalizungumza uso kwa uso, na utasimama wakati nasema. Lini, sijui. Tiketi ya ndege sina, na nikiwaza safari nachoka hata kabla sijafungasha.

Ila jikoni nimewaaga. Msimamizi aliuliza kama nimepata kazi nzuri zaidi, nikasema hapana. Akauliza sasa utafanya nini jioni. Nikaivua aproni, nikaikunja kama shuka, nikamkabidhi.

Jana sikuwa na zamu yoyote. Nilivua viatu vyote viwili nikalala mchana kweupe, mapazia wazi, kelele za barabara zote ndani. Niliamka mwenyewe, bila kengele, nikaketi kitandani kwa hofu nikitafuta ni wapi nimechelewa. Hapakuwa na mahali. Nikalala tena.

Dada yako