Sekunde Arobaini za Mawe

Jumapili, saa kumi jioni.

Upepo wa leo ni ule mkavu unaoingiza vumbi hata kwenye kurasa za daftari. Mlima Hanang umejificha kwenye wingu tangu asubuhi, na kwa mara ya kwanza nimeshukuru kutouona.

Jana niliwatoa watu ukumbini.

Nianze mwanzo, ingawa blogu hii ina wasomaji tisa na wawili kati yao ni mimi, kwa simu ya baba na kwa kompyuta ya shule.

Nipo kidato cha tatu hapa Katesh. Sisi si wenyeji. Baba ni mwalimu, alihamishiwa huku kutoka Mbeya baada ya mlima kuporomoka na tope kuwafunika watu wa Jorodom. Tulipofika, mawe makubwa yalikuwa bado katikati ya viwanja vya watu. Lakini siku yenyewe sikuwepo. Nilipaswa kulikumbuka hilo kuliko yote.

Sina maneno mengi mbele za watu. Napiga kinanda cha kwaya kwa sababu mpiga kinanda anaruhusiwa kuwapa watu mgongo. Tangu kidato cha kwanza nataka kuwa mtunzi wa muziki wa filamu, na darasani sijamwambia mtu, maana wangeuliza, "Hiyo nayo ni kazi?" Ni kazi. Unapewa picha zilizokwisha kukatwa, unahesabu sekunde, unaamua moyo wa mtazamaji uanze kwenda mbio wapi. Akitoka atasimulia alichokiona. Muziki hatausimulia, ingawa ndio uliomliza. Nilijiambia hiyo ni kazi ya mtu mwenye aibu.

Miezi miwili iliyopita alikuja Kaka Amani, kijana wa Babati anayetengeneza filamu za televisheni. Alikuwa anarekodi simulizi za walionusurika. Alinisikia kanisani, akaniomba nitunge muziki wa sehemu moja tu, pale Mama Paskali anaposimulia asubuhi ile. Kwingine kote alishapata muziki mtandaoni. Jina langu lingeandikwa mwishoni mwa filamu. Nililiandika kwanza nyuma ya daftari la Kemia, kwa herufi kubwa, nione litakavyokaa.

Mama Paskali ni jirani yetu. Tope lilimchukua kitinda mimba wake. Nilimwendea mara tatu kumwuliza ule mlio ulikuwaje. Mara ya kwanza alisema ulikuwa kama malori. Mara ya pili alisema hapana, malori yanapita yakaisha. Mara ya tatu alikuwa anapepeta maharage. Akaacha, akasema, "Ardhi ilikuwa inasaga meno."

Basi nikatia mawe ya korongoni kwenye karai, nikalizungusha, nikarekodi kwa simu, nikapunguza kasi mpaka mlio ukawa mzito. Chini yake nikaweka noti ya chini kabisa ya kinanda. Sekunde arobaini. Sijawahi kutunga kitu kizuri kama kile.

Jana mchana Kaka Amani aliwaita wote aliowarekodi, waione filamu kabla haijapelekwa televisheni. Mimi ndiye niliyeomba spika kubwa ya kwaya ilazwe sakafuni, ili mtetemo uwapande watu miguuni. Hakuna aliyenishauri. Nilisoma mahali.

Mlio ulipoanza, hakuna aliyepiga kelele. Mama Paskali alikuwa benchi la mbele. Aliinama, akamchukua mtoto wa mwanamke aliyekaa kando yake, akamweka mgongoni, akamfunga kwa kitenge, akatoka. Mama wa mtoto hakuuliza kitu, akamfuata. Kisha benchi zima. Kisha la pili. Wazee walishikana mikono mlangoni. Nje walisimama wote wakiutazama mlima.

Ukutani, Mama Paskali wa kwenye picha aliendelea kusimulia mbele ya mabenchi matupu.

Kaka Amani aliniinamia. "Umeona ulivyowashika? Mdogo wangu, hiyo ndiyo kazi yenyewe."

Nalisema hapa kwa sababu sijaweza kumwambia mtu: kwa muda mfupi, nilifurahi.

Leo baada ya ibada nilikwenda kwa Mama Paskali.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kumbe ndilo lile karai. Nilimwambia Paskali, mtoto wa mwalimu anachekecha mawe, labda huko Mbeya ndiyo mboga yao."

Sikujua kama nicheke. Alinipa kigoda. Nilikuwa nimepanga maneno ya kuomba radhi tangu nyumbani, lakini machozi yakanitangulia. Aliningoja mpaka nikamaliza.

"Mimi nilikwambia wewe," alisema. "Sikuiambia spika."

Kisha akaniuliza kama nimekula.

Nilimwandikia Kaka Amani nikamwomba autoe ule mlio. Akapiga simu. Hakukasirika, na afadhali angekasirika. Alisema filamu ni ya watu wa mbali ambao hawakuwepo, na wao ndio wanaopaswa kutetemeka. Alisema mlio ni wangu na uamuzi ni wangu, ila nikiutoa sina kitu kingine ndani ya filamu, kwa hiyo na jina halitakuwepo. "Fikiria vizuri. Watunzi wanaanza hivi. Nijibu leo."

Nimefikiria. Huenda anasema kweli kuhusu watu wa mbali. Lakini televisheni ipo pia mgahawani pale stendi. Ipo saluni. Ipo zahanati, juu ya foleni ya kina mama. Mlio ule ungemkuta Mama Paskali ameshika kikombe cha chai.

Nimeitazama tena sehemu yake, bila mlio. Kuna vitu sikuwahi kuvisikia. Kuna kuku anayekwaruza nyuma yake. Kuna pumzi anayovuta kabla ya kutaja jina la mwanawe. Anaivuta mara mbili, kama mtu anayenyanyua ndoo ikamshinda, akajaribu tena. Mawe yangu yalikuwa yamekaa juu ya pumzi hiyo.

Nimefuta mlio kwenye kompyuta na kwenye simu. Nikamwandikia Kaka Amani: "Zile sekunde arobaini ni za Mama Paskali. Naomba uziache kama alivyozisema."

Amejibu neno moja: "Sawa."

Mtunzi ambaye kazi yake ya kwanza imekuwa kunyamaza, ni mtunzi bado? Vitabu nilivyosoma havikugusa hilo. Karai nimeliosha, nimelirudisha jikoni. Jina nyuma ya daftari la Kemia sijalifuta.

Kesho kipindi cha kwanza ni Fizikia, mada mawimbi ya sauti. Nitakaa mbele.