Majina ya Watoto Wasiofika Darasani

Mbwajumali, Pate
Jumapili alasiri

Kwako Baba,

Goti lako linaendeleaje? Na Mama, ameacha kulima juani au bado anabisha? Mimi mwili ni mzima, ila moyo haujatulia, na haya sikutaka kuyasema kwa simu.

Mwezi uliopita afisa wa afya alikuja shuleni kwetu. Akaniomba niandike kwenye rejista, mbele ya jina la kila mtoto asiyefika, anaumwa nini. Alisema wengi hapa hawaendi zahanati mtoto akiharisha, kwa hiyo rejista itaonyesha ugonjwa mapema. Nikaona ni jambo jema.

Wiki ya kwanza niliandika watoto tisa. Wiki ya pili darasa likajaa. Nilifurahi, Baba, mpaka Fatma wa darasa la tatu alipotapika juu ya dawati. Nikawatazama wenzake: midomo mikavu, macho yamezama. Kumbe wazazi wanawaleta wakiwa wagonjwa, ili tu wasiandikwe.

Nikampeleka Fatma kwao. Mamake, Bi Mwanaisha, alinisimamisha mlangoni.

"Mwalimu, majina ya wana wetu yenda kwa nani?"

"Kwa watu wa afya, Bi."

"Ndivyo mwambiwavyo. Hapa yaliandikwa majina ya vijana, kisha askari wakaja kuwatafuta. Nawe ni mtu wa bara."

Nikamwahidi kwamba nitapeleka hesabu tu, bila jina hata moja. Ndipo akaniambia: wanaougua wote ni wa mtaa mmoja, wanachota kisima kimoja, na hivi karibuni kumechimbwa choo jirani nacho.

Nilipeleka habari hiyo. Kisima kimefungwa, na watoto wanapona. Fatma ameanza kula.

Lakini juzi yule afisa alinipigia. Sasa anataka majina, na namba za simu za wazazi.

"Za nini?" nikamuuliza.

"Wakubwa wameomba tu, mwalimu."

Wakubwa gani, hakusema. Nikamwambia hesabu anayo, majina hapati. Akakata simu. Tangu siku hiyo rejista siiachi ofisini, natembea nayo mkobani. Bi Mwanaisha bado hanikaribishi ndani. Tukikutana njiani hunisalimu vizuri, huku macho yake yako kwenye mkoba.

Nisalimie Mama, shangazi muuza maziwa, na kaka yangu wa gereji. Mkisikia nimehamishwa ghafla, msidhani nimekosea kazi.

Binti yako,
Mwende