Mwanangu Analiogopa Jina la Bibi Yake

Uswidi, Jumapili

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini maumivu ya goti yamepungua na kwamba unakula, maana tangu Mama atutoke naambiwa unashiba kabla sahani haijafika. Sisi tu wazima wa mwili, alhamdulillahi. Barua hii naituma kwenye simu ya Kaka Hemedi akusomee. Kwa sauti nisingefika mwisho.

Baba, nina hofu. Juzi mwalimu wa mjukuu wako aliniuliza, "Sandra anasema jina lake la zamani halitumiki tena. Mmelibadilisha?" Kumbe shuleni amejiita Sandra. Ijumaa kila mtoto atasimama aeleze jina lake limetoka wapi, naye amekataa.

Nilidhani wenzake wanamcheka. Nikamkalisha jikoni, nikamwambia jina lake, Sikudhani, ni la heshima, ni la bibi yake. Akanijibu:

"Ndiyo maana silitaki. Mmemzika Sikudhani. Nilisikia."

Siku ile ya msiba simu ilikuwa mezani, sauti nimeiachia. Ulisema, "Sikudhani katutoka. Tunamzika hapa Miteja baada ya adhuhuri." Mtoto alikuwa pale pale anakunywa uji. Si kosa lako, Baba. Kwetu kurithi jina la bibi ni baraka; sikufikiri kwamba aliyekulia huku atasikia habari za kaburi lake mwenyewe. Tangu hapo akipiga chafya tu ananiuliza kama atakufa.

Kisha akaniambia, "Hata wewe huniiti tena. Unasema 'njoo' tu."

Ni kweli. Nikilitaja jina lake naona namwita Mama.

Nakuomba umpigie kabla ya Ijumaa. Najua nawe unalikwepa jina hilo. Lakini mwite kama zamani, "Sikudhani, mke wangu, umenipikia nini?" akujibu, "Sikupikii, huna meno." Mwambie Mama alivyokuwa akichoma korosho, moshi unamtoa machozi, naye anabisha kwamba halii. Mwambie jina hilo Mama naye alilirithi kwa bibi yake aliyekwisha kufa, akaishi nalo mpaka akazeeka.

Leo asubuhi nilijaribu. Nilisimama mlangoni, nikamwita kwa jina lake. Akauliza, "Mimi?"

"Wewe."

Akaja polepole, akanishika kanga.

Nisalimie Kaka Hemedi na mkewe, na shangazi anayeuza chapati Nangurukuru. Ukienda makaburini, mwambie Mama somo yake yu hai.

Ni mimi mwanao,
Zuhura