Mchanga Usiooshwa

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu wewe, wifi na watundu wenu. Natumaini kikohozi cha wifi kimekwisha. Sisi huku ni wazima, ila mkono wangu unakimbia kuliko akili, maana nina habari. Nivumilie, nitakufikisha.

Unajua tangu Baba aanguke jukwaani akipiga plasta hajashika mwiko wake wa uashi. Ulipompigia kumwambia ahamie kwako akakubali bila ubishi, wewe ulifurahi, mimi niliogopa. Lini Baba yetu alikubali jambo bila ubishi? Alikuwa amekata tamaa, anangoja kuhamishwa kama kabati.

Sasa, duka letu la samaki limepata kazi kwenye kliniki ya meno: tangi la maji ya chumvi lenye matumbawe, refu kama kitanda, pale wagonjwa wanaposubiri. Bosi akanikabidhi peke yangu, mara ya kwanza. Nikamchukua Baba anisaidie kubeba ndoo, angalau atoke nje.

Kazi huanza kwa kutandaza mchanga chini ya tangi. Huu si wa kujengea, kaka. Unakuja ukiwa hai, umejaa minyoo na wadudu wadogo wanaokula uchafu wa samaki. Bila wao maji huharibika. Nilikwenda kuongea na daktari habari za umeme, nikarudi nikamkuta Baba uani amekunja suruali, anauosha kwa maji ya bomba. Aliniambia kwa fahari kwamba wametuuzia mchanga mchafu, tena una wadudu, lakini sasa hata ikulu unaipigia plasta.

Nilitaka kulia na kucheka kwa pamoja. Maji yasiyo na chumvi yalikuwa yameua kila kitu. Nilipomweleza, aliketi juu ya ndoo akasema taratibu, "Basi hata mchanga umenikataa." Moyo uliniuma sana.

Nilitaka kumficha bosi. Baba akakataa, akaenda dukani kukiri mwenyewe. Bosi alicheka mpaka akashika meza. Akasema mchanga uliokufa hufufuka ukipewa mbegu, akachota bakuli moja la mchanga hai kutoka tangi lake kuukuu, akampa Baba mikononi, si mimi.

Tukautandaza ule uliokufa, Baba akausawazisha kwa mwiko. Mwiko, kaka! Kumbe alikuwa ameuficha kwenye mfuko wa vifaa vyangu tangu asubuhi. Tukamwaga mbegu juu, tukajaza maji ya chumvi polepole yasichimbe shimo, tukangoja. Mchanga ukavaa utando wa kahawia, mimi nikakata tamaa. Baba hakukata. Kila asubuhi alichana nywele, akaenda kliniki, akabandika miwani kwenye kioo. Dada wa mapokezi akawa anamwekea kiti. Kilichomtesa ni kutougusa ule mchanga. Nilimwonya kwamba ukikorogwa, uchafu uliofukiwa chini hutoka na kuua samaki, basi akawa anakaa mikono mifukoni.

Jana akaita kwa sauti mpaka daktari akatoka na koleo la kung'olea meno mkononi. Ndani ya mchanga, kwenye kioo, palikuwa na vijia vyembamba kama nyuzi, na mnyoo mmoja anapita zake. Wagonjwa wenye mashavu yaliyovimba walipanga mstari kutazama, Baba akiwaeleza kama mwenye mji. Nilifurahi hadi nikamkumbatia dada wa mapokezi.

Sasa lile ninalolizungukazunguka. Kaka, Baba hahamii kwako. Bosi amemwajiri atunze mchanga wa matangi yetu yote, naye amekubali baada ya kubishana asubuhi nzima kuhusu saa za kazi. Najua chumba mmeshakipaka rangi. Niwieni radhi wewe na wifi. Ameniagiza nikuandikie mimi, yeye anaona haya. Maneno yake ni haya: "Mwambie kaka yako nitakuja kumtembelea. Lakini aniambie mapema, maana itabidi niombe ruhusa kazini."

Wabusu watoto, umsalimie wifi mara mbili. Baba angewasalimu kwa mkono wake hapa chini, ila ameshatoka.

Mdogo wako akupendaye,
Kasuku